Dishi la shamba au dishi la keria? Kuchagua intaneti ya setilaiti ukiwa unatokea Dar

Watu wanaulizana sana siku hizi ipi bora, ipi bora, na mtu akiniuliza hivyo mimi namrudishia maswali mawili kwanza, dishi litakaa wapi na litakula umeme wa nani, maana chaguo linaamuliwa hapo na spidi inakuja mwisho kabisa. Mwenye nyumba Mkuranga yenye luku, na mwenye Land Cruiser anayepeleka wageni Ruaha, hawanunui kitu kimoja hata kama wote wawili wamesikia Starlink Starlink. Na wapo wengi tu ambao hawahitaji setilaiti kabisa, hao tuwatoe kwenye foleni mapema wasije wakamwaga hela bure.

Mnara kwanza

Kama shamba lako lipo Kisarawe, Bagamoyo, Mkuranga, hata Kibiti huko, usianze na anga, anza na mnara. Simu ikiwa ndani ya nyumba ya bati inakuonyesha kibaa kimoja, bati lenyewe ndilo linalozuia. Panda ngazi mpaka usawa wa paa na laini tofauti tofauti, Voda, Airtel, Yas (Tigo ya zamani), Halotel, TTCL, azima hata za majirani, pima mchana halafu pima tena saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi wako kitandani wanaangalia video. Kipimo cha saa mbili usiku ndicho cha kukiamini. Ukipata spidi ya Mbps tano, sita za uhakika muda huo, basi chukua rauta ya 4G ambayo ina tundu za antena ya nje, funga antena kwenye bomba la mita sita iangalie mnara, umemaliza. Rauta ya namna hiyo inakula wati kumi hivi, betri ya kawaida ya sola inaibeba usiku kucha na asubuhi bado una chaji.

Halafu vijiji vinabadilika. Mei 2023 serikali kupitia UCSAF, ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, kwa hiyo ile stori ya "kule kwetu hakuna mtandao" ya miaka mitatu nyuma nenda ukaihakikishe upya kabla hujaagiza dishi.

Ukishapanda ngazi, ukashuka, na laini zote zimegoma, hapo sasa tuongee anga.

Setilaiti za mbali na setilaiti za karibu

Ziko za aina mbili, na tofauti yao kubwa ni umbali. Za kwanza ni zile za zamani, ndiyo hizo VSAT ambazo mabenki ya wilayani, migodi na kambi za porini wamezitumia miaka na miaka. Setilaiti yake imekaa juu ya ikweta kilomita 35,786, inazunguka sawasawa na dunia kwa hiyo ukiiangalia kutoka chini ni kama imesimama pale pale. Dishi lake unalielekeza mara moja unakaza nati unaliacha.

Za pili ndiyo Starlink na wenzake. Hizi ziko chini sana, kilomita 550 hivi, zipo maelfu na zinapita mbio, dishi lenyewe linazifuata kwa umeme bila kuzungusha shingo. OneWeb nao wapo kundi hili ila juu zaidi, kilomita 1,200, na hao huduma yao inapitia makampuni ya biashara, siyo kitu unanunua wewe uende nacho kwa bibi.

Umbali huo unausikia kwenye maongezi. Ukiongea kwa VSAT sauti yako inapanda inashuka, jibu nalo linapanda linashuka, jumla kilomita laki moja na arobaini na kitu, mwanga wenyewe unatumia karibu nusu sekunde, ukiongeza na mitambo ya katikati unafika milisekunde 600 na zaidi. Kupiga simu ya WhatsApp kwa hali hiyo ni kama redio koo, unasema, unanyamaza, unasubiri, ukiwahi kuongea mnakatana maneno. Barua pepe, kutuma pesa, mafaili ya ofisi, kuangalia video iliyorekodiwa, haina shida kabisa. Mikutano ya kazi inachosha, na gemu za mtandaoni sahau. Za karibu zinakupa milisekunde 30 mpaka 60 hivi, mkutano unaenda kama upo Mikocheni, na spidi ya Mbps 100 siyo ajabu kuiona.

Sasa mtu atasema kwa hiyo VSAT imekufa. Haijafa. Ina vitu viwili bado. Cha kwanza, mara nyingi unaipata kwa kampuni yenye leseni na ofisi hapa hapa mjini, unasaini mkataba, unapewa risiti ya EFD, kikiharibika una mtu wa kumpigia. Zahanati, shule au kiwanda cha kukoboa mpunga wanahitaji hicho kuliko spidi. Cha pili, mkataba wa biashara unaweza kukuhakikishia kiwango fulani cha spidi kisichoshuka, japo utakilipia. Kifurushi cha nyumbani cha VSAT chenyewe soma vizuri ile sehemu ya matumizi ya haki, maana ukivuka GB zilizoandikwa wanakubana mpaka picha za status zinafunguka nusu.

Umeme, hapa ndipo pesa inapoishia

Watu wanauliza bei ya kiti, yaani seti nzima ya dishi na vifaa vyake, na bei ya mwezi, hawaulizi wati. Starlink ya kawaida, ile kubwa ya nyumbani, inakula wati 75 mpaka 100. Ile ndogo, Mini, wati 25 mpaka 40. VSAT ya nyumbani, modemu na kile kichwa kilichopo mbele ya dishi, nyingi zinacheza wati 30 mpaka 50.

Kama una luku piga hesabu hivi. Ile kubwa ukiiacha masaa 24 kwa wastani wa wati 85, mwezi mzima inakula uniti 61. Wewe uliye kwenye umeme wa uniti 75 kwa mwezi umebakiza uniti 14 za taa, friji na pasi, utajikuta unahamishiwa tarifu ya wakubwa na utashindwa kuelewa imekuwaje. Mini kwa hesabu hiyo hiyo, wati 30, ni uniti 22 hivi kwa mwezi. Kwa nyumba ya watu watatu wanne sioni sababu ya kubeba ile kubwa, labda nyumba iwe na watu wengi au unataka waifai ifike mpaka banda la kuku kule chini, kwa sababu rauta ya ile kubwa ni kifaa cha peke yake chenye nguvu zaidi, wakati ya Mini imejengwa humo humo ndani ya dishi, kwa hiyo dishi likiwa mbali na nyumba waifai nayo ipo mbali. Hilo la mwisho linawashangaza wengi baada ya kununua. Dawa yake ni kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye Mini uingie ndani kwenye rauta nyingine.

Kwenye sola ndiyo tofauti inakuwa wazi kabisa. Chukua betri ya kawaida ya volti 12, Ah 100, ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi ukitaka idumu unaishia nusu, 600. Dishi kubwa linapitia inveta, na inveta nayo ina mgao wake, utapata masaa sita. Mini unaifunga moja kwa moja bila inveta, inapokea volti 12 mpaka 48, betri hiyo hiyo inakupeleka masaa ishirini. Yaani Mini paneli ya wati 200 au 250 inaitosha usiku na mchana jua likiwa zuri, ile kubwa unatafuta paneli za wati 600 kwa ajili yake tu, hujawasha taa, hujachaji simu, na masika ya mwezi wa nne bado haijakukuta. Betri ya lithiamu inapunguza maumivu maana unaweza kuitumia karibu yote, ila bei yake ya Kariakoo unaijua.

Mama mmoja mfugaji wa kuku kule Mkuranga aliniuliza, "Sasa baba, kwani lazima liwake usiku mzima, kuku wenyewe wamelala?" Swali zuri sana. Siyo lazima. Programu ya Starlink ina ratiba ya kulilaza dishi, unaweka lilale saa tano usiku liamke saa kumi na moja alfajiri, robo ya umeme umeokoa. Na ukiwa humo humo kwenye mipangilio utakuta kitu cha kuyeyusha theluji, zima kabisa, theluji ya Mkuranga tuwaachie wao.

Kingine ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Weka kile kifaa cha kulinda friji, kinalinda na hivi. Na bomba lililobeba dishi juu ya paa lipige waya wa ethi mpaka chini, radi haichagui.

Minazi, mvua na kusi

Hizi setilaiti za karibu zinataka anga pana, kama nyuzi 110 hivi, siyo kitundu cha kuchungulia. Mnazi mmoja tu upande mbaya, kila makuti yakipita mbele unakatika sekunde mbili tatu, kwenye video hutagundua ila simu itakatika. Programu yao ina sehemu ya kupima vizuizi kwa kamera, unasimama pale unapotaka kuliweka unaizungusha simu angani inakuonyesha wapi pamezibwa. Fanya hivyo kabla ya kununua, ni bure na haihitaji dishi. Kama pamezibwa, bomba refu juu ya paa ni rahisi kuliko kukata mwembe wa babu na ugomvi wake.

VSAT hapa ndiyo inashinda. Yenyewe inataka uwazi upande mmoja tu, kule setilaiti yake ilipo, na kwa kuwa Dar ipo nyuzi saba hivi kusini ya ikweta, dishi kwa kawaida linaangalia juu vya kutosha, linaruka miti mingi. Uwanja wako umezungukwa na miembe na minazi ila una kitundu upande wa magharibi au mashariki, muite fundi wa VSAT apime kama kuna setilaiti inayoingia pale.

Ila VSAT ina adui wake, upepo. Ule mwelekeo ukienda pembeni kidogo tu signo imeshuka. Kusi ikianza kuvuma pwani, dishi lililofungwa kwenye ukuta wa tofali za kuchoma au bomba jembamba litacheza, na Mafia, Kilwa, Kigamboni ufukweni chumvi inakula nati mpaka zinalegea zenyewe, fundi anarudi na mita yake na nauli yake unalipa wewe. Taka nati za stenlesi toka mwanzo. Starlink haijali sana kuelekezwa, ikiyumba kidogo inajirekebisha.

Mvua kubwa zote mbili zinaumia, hakuna ya kujisifu, wingu zito likisimama juu unaweza kukosa mtandao dakika kadhaa halafu unarudi.

Kwenye gari

Gari linarahisisha mambo maana VSAT inatoka kwenye mchezo. Dishi la kusimama haliwezi kufuata setilaiti gari likitembea, na zile antena zinazojizungusha zenyewe ni za meli na mashirika makubwa. Kwa hiyo ni Mini, au ile kubwa, au vifaa vya dharura.

Mimi nasema Mini na sibishani sana. Ina kilo 1 na kitu, ukubwa wa laptopu, inakula umeme wa gari moja kwa moja. Fuso na Scania zenye volti 24 nazo inakubali bila kibadilishi chochote. Ile kubwa inataka inveta, wati zake zinachosha betri mkiwa mmepaki, asubuhi mnasukumana.

Lakini usiichomeke kwenye tundu la sigara kwa waya wowote. Mini ikiwa inawaka inavuta zaidi ya ile wastani, na waya mwembamba mrefu kwenye volti 12 unapoteza volti njiani, dishi linawaka, linazima, linawaka, linazima, na mtu anaanza kulaumu setilaiti. Ukiushika waya pale kwenye plagi utakuta una joto. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri, na kama gari lina betri ya pili ya friji ya wageni basi funga huko. Ukitaka kutumia USB-C, chaja iwe ya wati 100 ya kweli, siyo iliyoandikwa 100 kwa stika.

Kwenye keria liweke mbele au juu kabisa, tairi la spea na madumu yasilizibe. Sumaku peke yake siiamini kwa barabara zetu za vumbi zinavyotetemesha, funga na bolti. Na mkifika stendi au mkilala gesti, shusha dishi uingie nalo ndani.

Mkipaki kambini kuna ugomvi wa kudumu, dereva anataka kivuli, dishi linataka anga wazi. Kiti kinakuja na waya wa mita 15, paki gari chini ya mti, dishi peleka uwanjani. Usiku rudisha, fisi anatafuna chochote kilichoachwa nje.

Upande wa kifurushi, cha nyumbani kimefungwa kwenye anuani, ukikipeleka sehemu nyingine hakitafanya kazi vile unavyotegemea. Cha kusafiria kinaitwa Roam, hicho ndicho cha gari, ila mtandao ukijaa wewe wa Roam unasubiri nyuma ya wa nyumbani. Kuhusu kujaa, siyo utani, Nairobi Novemba 2024 Starlink walisimamisha wateja wapya kwa sababu uwezo uliisha. Wewe wa porini hilo halikugusi sana, wewe wa Mbezi ndiyo lifikirie, na wa Mbezi kwanza unatafutia nini setilaiti na faiba inapita nje.

Kwa dharura tu, yaani mnaingia Katavi au Selous ya ndani na mnachotaka ni kuweza kusema "tumekwama, tuko hapa", hamhitaji dishi. Kifaa cha Garmin inReach kinatumia setilaiti 66 za Iridium, kinaingia mfukoni, kinatuma meseji fupi na kina kitufe cha SOS, chaji yake inakaa siku kadhaa. BGAN ya Inmarsat, kifaa cha kubeba cha intaneti ya setilaiti, ni kubwa kidogo, inakupa mpaka kbps 492 na mvua haiisumbui, ila inahesabu kila MB kwa bei ya kuumiza, simu moja ikijisasisha yenyewe mshahara wa dereva umeenda. Wenye kampuni za safari, hata kama mna Mini juu ya keria, wekeni na kile kidogo, kwa sababu gari likipinduka dishi ndilo linalovunjika la kwanza.

Karatasi

Hapa wengi wanaruka na ndipo pa kuumia. Majirani zetu wamefunguliwa Starlink muda mrefu, Rwanda Februari 2023, Msumbiji Juni, Kenya na Malawi Julai, Zambia Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo viti vinavuka mipaka kama vitenge. Lakini ruhusa ya nchi nyingine siyo ruhusa ya hapa. Siku unayotaka kununua, iwe Starlink iwe VSAT iwe kitu kipya chochote, ingia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uangalie kama mtoa huduma ana leseni ya Tanzania na kama kifaa kimethibitishwa, wana ofisi Barabara ya Sam Nujoma, siyo mbali. Wageni wanaokuja na dishi lao kwenye gari kutoka Nairobi nao waambieni hilo kabla hawajafika Namanga.

Na usidhani kampuni yenyewe haioni. Dishi linajua lipo wapi. Aprili 2024 Starlink waliwaandikia wateja waliokuwa wanatumia kwenye nchi zisizo na kibali kwamba watakatiwa, na masharti ya Roam yanasema ukikaa nje ya nchi uliyojisajili zaidi ya miezi miwili wanaweza kukutaka ubadilishe usajili.

Ukipata dishi lililokwisha tumika kwa mtu, na yatakuwepo mengi tu, kumbuka dishi limefungwa kwenye akaunti ya mwenye nalo. Kuliona linawaka taa haitoshi. Kaa naye meza moja, aingie kwenye akaunti yake aliondoe mbele ya macho yako, kama anadaiwa alipe kwanza, wewe uingize namba ya kiti kwenye akaunti yako na uone imekubali, halafu ndiyo utume pesa.